Bolti Mbili za Gari la Mwalimu Rupert

Kajetani Mapunda alikuwa hajawahi kuvunja bolti ya mtu. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na watu wa mtaa wa Lizaboni, mjini Songea, walimwamini, maana kwa miaka kumi na tisa waliyomwona ameinama kwenye magurudumu pale jirani na mashine ya kusaga, hakuna aliyesikia habari tofauti. Kazi yake ilikuwa tairi tu. Hakugusa injini, hakugusa breki, wala hakujidai kujua umeme wa gari. Ukileta pancha anaziba. Ukileta tairi jipya anavalisha. Lakini ukimletea nati iliyoshika kutu ikawashinda wengine wote, hapo ndipo ungemwona anacheka. Angeweka spana, akachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili apate urefu, akatemea mate viganja, na nati ingeachia kwa mlio mmoja mkali. Waliosimama kusubiri unga wao wangepiga makofi. Walimwita Mkono wa Chuma, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini na saba, mabega mapana, mcheshi. Mkewe Ludovika aliuza dagaa wa Nyasa na maharage sokoni. Jumapili Kajetani aliimba besi katika kwaya ya kigango, na hata huko alijulikana: akitoa sauti ya chini, benchi lilitetema.

Mpiga kinanda wa kwaya hiyo alikuwa Mwalimu Rupert Haule, mstaafu wa miaka sitini na sita, ambaye alimfundisha Kajetani darasa la nne na baadaye ndiye aliyegundua kuwa ana sauti. "Wewe usifungue mdomo tu kama wenzako," alimwambia zamani zile, "wewe imba." Kwa hiyo Kajetani alimheshimu Mwalimu kama baba. Hili lisemwe mapema, kwa sababu bila hilo aibu yake haitaeleweka.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Rupert alifika Lizaboni na gari lake dogo, gurudumu la mbele kushoto likiwa limelala. Alikuwa na mkewe, Mama Anjelika. Walikuwa safarini kwenda Nalasi, mbali kule Tunduru, ambako binti yao Noela alikuwa anafundisha shule ya msingi na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Nyuma ya gari palijaa vitenge, unga wa lishe, na beseni jipya la kuogea mtoto.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mwalimu.

"Milele amina. Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama Noela."

"Marahaba. Msumari huu, mwanangu. Tuwahishe, tunataka tufike jua likiwa bado juu."

Kajetani alitoa gurudumu, akachomoa msumari, akaziba. Mpaka hapo hakukuwa na neno. Waendesha bodaboda watatu waliokuwa wakisubiri abiria mashineni walisogea kumtazama, na mmoja akamchokoza: "Mkono wa Chuma, kule Mfaranyaki Abdulhamid kanunua mashine ya upepo ya kukazia nati. Na spana nyingine inayopima nguvu, ikifika kiasi inalia tiki. Wewe utakula wapi?"

Abdulhamid alikuwa fundi wa gereji ya Mfaranyaki, mtu mpole, mzaliwa wa Tunduru. Ndiye aliyekuwa amebadilisha breki za gari hilihili la Mwalimu majuma mawili kabla. Kajetani hakuwa na ugomvi naye. Ila mashine ile ilikuwa inamkera.

"Mashine za namna hiyo zinavunja bolti za watu," alijibu kwa sauti ya kusikika. "Haina masikio ile. Mkono unaojua kazi haupimiwi nguvu."

Wakacheka. Naye, akiwa bado anataka kuwachekesha, akaacha kufanya jambo ambalo kila fundi tairi hufundishwa siku ya kwanza. Nati huanzishwa kwa vidole. Unaizungusha taratibu mpaka iingie yenyewe kwenye nyuzi za bolti, ndipo unaweka spana. Yeye aliitia nati ndani ya spana, akaibandika kwenye bolti, akaizungusha kwa mbwembwe kama mtu anayesokota kamba. Ikakwama. Alisikia mkononi kabisa kwamba imeingia upande. Nati ikikataa ina sababu, na alilijua hilo. Lakini watu walikuwa wanatazama. Akachomeka bomba, akavuta.

Nati ikaenda, ikikwaruza, halafu ghafla ikawa nyepesi. Ikazunguka bure. Nyuzi zilikuwa zimelika zote.

Akahamia bolti ya pili, safari hii kwa vidole, lakini hasira na aibu vilikuwa vimeshaingia mikononi, na alipokuja kukaza alivuta bomba kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Akasikia mlio mdogo, mkavu. Bolti ikakatika shingoni. Nati, na kipande cha chuma ndani yake, vikamwangukia kiganjani, vya moto kidogo.

Alifumba ngumi.

Aliinua macho. Waendesha bodaboda walikuwa wamemgeukia msichana aliyepita na ndoo ya mahindi. Mwalimu alikuwa pembeni anaongea na Noela kwa simu, akicheka. Hakuna aliyeona.

Kajetani alijua la kufanya, na alilijua vizuri. Bolti mpya zilikuwa zinauzwa dukani Mfaranyaki. Fundi wa breki angetoa diski, angegonga zile mbovu kwa nyundo zitokee nyuma, angezivuta mpya mpaka zikae. Kazi ya saa mbili pamoja na kwenda na kurudi. Kilichotakiwa ni maneno matatu tu: Mwalimu, nimevunja bolti. Lakini maneno hayo yangesikiwa na wale watatu, na kabla ya saa sita mchana yangekuwa yamefika Mfaranyaki kwenye gereji ya Abdulhamid. Basi kwa kuogopa aibu ya dakika tano, alikaza bolti tatu zilizobaki, akaibandika nati kwenye ile iliyolika ili ionekane ipo, na ile iliyokatika akaiacha tundu.

Tundu lilionekana. Alipokuwa anarudisha jeki nyuma ya gari, aliviona vile vifuniko vya plastiki vya kupendezesha magurudumu, ambavyo Mwalimu alikuwa amevitoa kwa sababu vilikuwa vinagongagonga. Akachukua kimoja, akakipachika kwenye gurudumu lile, akakigonga kwa kiganja mpaka kikashika.

Mama Anjelika alimwona. "Leo umetupamba, Kajetani?"

"Mnakwenda kumwona mjukuu, mama. Lazima gari lipendeze."

Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. Mwalimu alipotaka kumlipa, alikataa, na Mwalimu akaona ni wema.

"Nendeni taratibu, Mwalimu," alisema akiwa ameshika mlango. Alikuwa na maneno mengine kinywani. Simameni Namtumbo. Ondoeni kifuniko, mguse nati. Hayakutoka. Alirudia tu, "Taratibu."

Gari likaondoka.

Asubuhi yote alijitetea moyoni. Bolti tatu zinabeba, alijiambia. Vijijini watu wanatembelea tatu mwaka mzima. Saa sita alishindwa kujizuia, akapiga simu ya Mwalimu, haikupatikana. Na jambo lililokuja kumtia aibu zaidi baadaye ni kwamba simu ilipokosa kupatikana, alishusha pumzi kama mtu aliyeponyoka.

Saa kumi jioni Ludovika alikuja kutoka sokoni mbio, kanga imemdondoka begani, beseni la dagaa ameliacha kwa jirani. "Mwalimu kapata ajali," alisema. "Mbele ya Tunduru, kwenye barabara ya vumbi. Tairi limechomoka."

Kajetani alikaa chini pale pale, juu ya tairi kuukuu.

Habari kamili zilikuja kesho yake. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limechomoka gari likiwa kwenye mteremko, likaingia kwenye shamba la mikorosho na kupita katikati ya wanawake wawili waliokuwa wakiokota korosho, bila kumgusa hata mmoja. Gari liliburuza chuma na kutumbukia mtaroni. Mama Anjelika alipasuka juu ya jicho, akashonwa. Mwalimu alivunjika kifundo cha mkono mahali pawili. Mkono wa kulia.

Walirudi Songea siku ya tano. Kajetani alikwenda kuwaona pamoja na wanakwaya wengine, akakaa karibu na mlango. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta nzito kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alipomwona, alimnyooshea wa kushoto.

"Huyu," aliwaambia wageni, "huyu aliniambia niende taratibu. Mara mbili aliniambia. Mimi kwa haraka ya kumwona mjukuu sikumsikia. Mwanangu, nisamehe, nimekutia hofu bure."

Kajetani alitazama sakafu. Watu walidhani anamlilia Mwalimu, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akampigapiga mgongoni kumfariji.

Ndipo Valeriani, kaka yake Mama Anjelika na mwenyekiti wa kwaya, akaanza hoja yake. Valeriani alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyependa kumalizia maneno ya wenzake. "Shemeji, usijilaumu. Tuulizane: nani aliyefungua magurudumu yote manne majuma mawili kabla ya safari? Abdulhamid. Na anakaza kwa kitu gani? Kwa ile mashine yake. Kajetani siku zote anasema mashine ile inavunja bolti. Au siyo, Kajetani?"

Macho yote yakamgeukia. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyasema mara mia.

"Niliwahi kusema," alijibu.

Ilitosha. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imeenea Lizaboni na Mfaranyaki kwamba mashine ya Abdulhamid nusura imuue Mwalimu Rupert. Wateja wakaanza kumpita. Wengine walikuja hadi kwa Kajetani. "Bora wewe wa mkono," walimwambia wakishuka garini, naye akainama kufungua nati zao bila kuwatazama usoni. Aliacha kutumia bomba. Aliacha kucheka pia, na waliomzoea walisema ni huruma kwa mwalimu wake.

Ile nati na kipande chake cha bolti alikuwa amevitupia kwenye kopo la vali kuukuu za tairi. Kila alipotaka vali, aliviona. Ludovika alimwuliza usiku mmoja kwa nini hali, akamjibu tumbo. Kwenye mazoezi ya kwaya, kinanda kilikaa kimefunikwa kitenge, na walikuwa wakijifunza nyimbo za Noeli kwa kupigiwa sauti ya kuanzia na mdomo wa Valeriani, aliyeanzia juu mno kila mara. Mwalimu alikaa benchi la mbele, vidole vya mkono wa kushoto vikichezacheza juu ya goti. Kajetani aliimba akiwa amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Majuma mawili yalipita, kisha lori lililotoka kupeleka mzigo Tunduru likarudi na gari la Mwalimu, likashushwa uani kwake. Valeriani akataka jambo liishe. Alimwita Abdulhamid, na alimwita Kajetani. "Wewe ndiye unayejua magurudumu kuliko sisi," alimwambia. "Uje utazame, useme."

Kajetani alikwenda. Angewezaje kukataa?

Abdulhamid alikuja ameishika kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akasalimia kila mtu, akaomba ruhusa kwa Mwalimu, akachuchumaa mbele ya habu, pale gurudumu lilipochomoka. Alizigusa bolti moja moja kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "hizi tatu zimevunjwa na barabara. Tazama zilivyopinda. Zilibaki hizi tu, rimu ikawa inacheza, zikachoka, zikavunjika. Lakini hii ya nne haikupinda. Hii imesokotwa mpaka ikakatika. Barabara haisokoti bolti. Na hii ya tano imesimama vilevile, ila nyuzi zimenyolewa zote upande. Hiyo ni nati iliyoanzishwa vibaya."

"Sasa si mashine yako hiyo inayosokota?" alidakia Valeriani.

"Ingekuwa imekatikia kwangu, aliyefungua gurudumu asubuhi ya safari angeiona. Tundu halijifichi."

Mama Anjelika alikuwa amesimama mlangoni, kovu bado jekundu juu ya jicho. Mwalimu akamgeukia Kajetani, bila shaka yoyote usoni, kama alivyokuwa akimgeukia darasani mwanafunzi anayejua jibu.

"Kajetani. Ulipofungua asubuhi ile, zilikuwaje?"

Aliulizwa swali jepesi, mbele ya mtu ambaye riziki yake ilikuwa inategemea jibu. Alifungua mdomo akiamini kabisa kwamba ukweli ungetoka.

"Sikuangalia sana, Mwalimu," alisema. "Zilikuwa… zilikuwa zimechoka."

Abdulhamid alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akasimama, akakung'uta magoti.

"Nimesikia," alisema. "Mwenyezi Mungu anaona. Mwalimu, nakuombea afya."

"Abdulhamid," alisema Mwalimu kwa upole, "mimi sina kinyongo nawe. Lakini gari hili sitakuletea tena."

Abdulhamid alivaa kofia yake, akaaga wote kwa adabu, mpaka na Kajetani, akatoka.

Mwalimu akamwomba Kajetani anunue bolti mpya na kumtafuta fundi mwingine wa kuzipachika. Kesho yake Kajetani alitembea kwa miguu hadi Mfaranyaki, kwa sababu hakutaka kupanda bodaboda na kuongea na mtu. Duka la vipuri lilikuwa linatazamana na gereji ya Abdulhamid. Alinunua bolti tano, na alipogeuka akaiona gereji. Hapakuwa na gari hata moja. Ile mashine ya upepo ilikuwa imefunikwa gunia. Abdulhamid alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapangusa spana ambazo zilikuwa safi tayari.

Kajetani alivuka barabara. Aliniambia baadaye, mimi niliyekuwa katibu wa kwaya na ninayeyaandika haya kwa idhini yake, kwamba hakumbuki kuamua. Miguu ilivuka.

"Ni mimi," alisema. Hata salamu hakutoa. "Bolti zote mbili. Moja niliinyoa nyuzi, moja niliikata. Nikaziba kwa kifuniko."

Abdulhamid aliendelea kupangusa. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Diski ile niliirudisha mimi kwa mikono yangu. Bolti zote tano niliziona, nzima. Baada yangu nani aliligusa gurudumu? Wewe."

"Sasa kwa nini hukusema pale?"

"Ningesema nini, nikaaminiwa na nani? Wewe ndiye Mkono wa Chuma. Mimi ni mtu wa mashine." Aliiweka spana chini. "Nilikuachia nafasi, Kajetani. Mwalimu alipokuuliza, nilikuachia nafasi nzima."

Kajetani alipiga goti moja pale kwenye vumbi lenye oili. "Naomba unisamehe, ndugu yangu."

"Inuka. Watu wanapita." Sauti ya Abdulhamid ilikuwa imebadilika sasa, imekauka. "Na usiniombe msamaha hapa. Nguo zangu sikuvuliwa hapa. Nilivuliwa uani kwa Mwalimu, mbele ya shemeji yake. Kaniombe msamaha mbele yao."

Jumamosi, mazoezi ya kwaya yalipoisha, Mwalimu, mkewe na Valeriani wakiwa wote hapo, Kajetani aliomba nafasi ya kusema. Wengi walidhani anataka kutangaza msiba au arusi. Alisogea mbele, karibu na kinanda kilichofunikwa, akatoa mfukoni ile nati na kipande chake, akaviweka juu ya kitenge. Nati ikabingirika, na mtu wa sauti ya pili akaidaka.

Alisema yote. Alisema mbwembwe zake, bomba lake, kifuniko, uongo aliomjibu Mama Anjelika, simu ya saa sita, jibu alilotoa uani. Hakumsingizia shetani.

Valeriani ndiye aliyelipuka kwanza. Atolewe kwaya, aripotiwe, mtu gani huyu. Lakini alikuwa anapiga kelele zaidi kwa kuwa naye alijua ulimi wake ulifanya nini mjini, na sauti yake ikaishia njiani.

Mama Anjelika hakupiga kelele. "Ulituangalia tukipanda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanifungia mlango kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama."

Alichukua mkoba wake akatoka nje.

Mwalimu Rupert aliitazama ile nati. "Mkono huu," alisema, akiinua plasta kidogo, "umevunjika kwa sababu chuma kilikatika. Chuma hukatika. Hata ningekufa, pengine ningesema ajali. Lakini nilikuuliza, Kajetani. Mbele ya mtu yule nilikuuliza, na nikamfukuza kwa neno lako. Umenifanya niwe mtu wa namna gani?"

Kajetani aliniambia kwamba angependa Mwalimu ampige kofi kama enzi za darasa la nne.

Jumatatu wanaume watatu walikwenda Mfaranyaki kwa miguu: Mwalimu na mkono wake uliofungwa, Valeriani akiwa kimya kwa mara ya kwanza, na Kajetani nyuma yao. Abdulhamid aliwatolea viti. Mwalimu aliomba radhi kwanza, kabla ya mwingine yeyote, na Kajetani akaona mzee wa miaka sitini na sita akiinamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwa lake. Hilo, alisema, lilimwingia kuliko yote. Valeriani aliomba radhi kwa maneno machache, na kesho yake na siku zilizofuata alizunguka Lizaboni akiyafuta maneno yake, kazi iliyomchukua muda kuliko kuyatangaza. Kajetani aliomba wa mwisho.

"Nimepokea," alisema Abdulhamid. Hakusema zaidi.

Gari lilivutwa hadi gereji ile. Abdulhamid alitoa diski na kumkabidhi Kajetani nyundo azigonge bolti mbovu zitoke, moja baada ya nyingine. Mpya alizivuta mwenyewe, na nati tano akazianzisha kwa vidole, polepole, bila kumtazama mwenzake, kisha akazikaza kwa kukatiza, ya juu, ya chini, ya pembeni, hadi ile spana yake ikalia tiki. "Litembee kilomita hamsini," alimwambia Mwalimu, "halafu lirudi nizikaze tena."

Noeli ile tuliimba bila kinanda. Kajetani hakutolewa kwaya, Mwalimu alikataa. Lakini alihama mwenyewe kutoka mstari wa mbele wa besi, akasimama mwisho, karibu na ukuta, na sauti yake hatukuisikia tena ikitetemesha benchi. Plasta ilipotolewa, kifundo cha Mwalimu kilikuwa kigumu. Vidole viwili havifiki vinapotaka kufika. Sasa anapiga nyimbo za taratibu tu, mkono wa kushoto ukibeba sehemu kubwa, na zile za furaha amemwachia binti mmoja wa sekondari anayejifunza.

Wateja wa Kajetani walipungua, halafu nusu yao wakarudi. Jina la Mkono wa Chuma lilikufa, hakuna aliyelitamka tena, hata kwa utani. Akikuta bolti yenye nyuzi mbovu, hata kama hakuiharibu yeye, humwita mwenye gari ashuke aione kwa macho, kisha humwelekeza Mfaranyaki. Mama Anjelika akipita njiani, Kajetani humwamkia. "Marahaba," hujibu mama yule, na hapunguzi mwendo. Mwaka umepita, neno halijaongezeka.

Mwezi wa nne uliofuata Noeli ile, mvua za masika zikiwa zinaishia, Mwalimu alimletea Kajetani gari kwa mara ya kwanza tangu ajali. Pancha, gurudumu la nyuma. Mashineni palikuwa na watu wengi wanasubiri kusaga. Kajetani alishtuka alipomwona, akafuta mikono kwenye suruali, akaamkia, akafanya kazi. Alianzisha nati kwa vidole. Akakaza kwa kadiri. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

Mwalimu alinyoosha mkono wa kushoto. "Nipe spana."

Kajetani akampa. Mzee akainama kwa taabu, mkono wake mgumu ameuegemeza kwenye bodi ya gari, akaijaribu nati ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, akivuta kila moja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Watu wa mashineni waliacha mazungumzo wakatazama. Wote walijua kwa nini. Kajetani alisimama pembeni, mikono nyuma, kichwa chini, uso unamwaka, na hakusogea wala hakumwambia Mwalimu kwamba zimekaza. Mzee alipomaliza ya tano alipumzika kidogo, kisha akarudia kuanzia ya kwanza.